Kilicho Hai Hakianikwi

Nakumbuka asubuhi moja ya mwezi wa tatu, miaka ya tisini ndiyo kwanza inaanza. Nimepiga magoti kwenye kivuli cha paa la jiko langu, mikono imekuwa myeusi hadi viwikoni, nachanganya mbegu za soya na unga uliofanana na masizi ya chungu. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, mwanangu, na nilikuwa mjinga wa aina mbaya kuliko zote, yaani mjinga aliyehudhuria mafunzo. Keti nikusimulie. Chai iko motoni, nami siku hizi sina haraka na mtu.

Mimi ni mzaliwa wa Uriri, upande wa Migori, na niliolewa huku Homa Bay. Tangu siku niliyoingia kwenye boma hili, mama mkwe wangu hakuniita kwa jina langu. Aliniita nyar Uriri, yaani binti wa Uriri, kwa kuwa ndivyo mke anavyoitwa kwetu, kwa jina la kwao. Yeye watu walimwita Mama Otieno, na Otieno ndiye mume wangu, mwanawe wa kwanza. Alikuwa mama mrefu, mkavu, mwenye goti moja bovu na ulimi uliokuwa mzima kabisa. Tena alikuwa mikayi, mke wa kwanza wa mzee wa boma.

Sasa wewe umekulia mjini, huenda hujui. Umikayi si cheo cha kuvalia kitenge kanisani. Ni kazi. Mvua ikianza kunyesha, hakuna anayetia mbegu ardhini kabla mikayi hajatia yake. Akishapanda, ndipo sisi wake za watoto tunafuata, kila mtu kwa zamu. Ukiruka zamu umelitafutia boma balaa, na ng'ombe akifa mwaka ule, au mtoto akishikwa na homa, vidole vyote vinakuelekea wewe. Nimeona ndoa ikivunjika kwa mstari mmoja wa mahindi uliopandwa mapema.

Shamba nililopewa lilikuwa limechoka. Lilikuwa limejaa kayongo, lile gugu la maua ya zambarau ambalo ukiliona linapendeza, kumbe huko chini limeshika mizizi ya mahindi yako linanyonya. Mahindi yalikua hadi magotini, yakasimama hapo yakiniangalia. Misimu miwili nililima, misimu miwili nikavuna mabua. Mzee, baba mkwe wangu, akachoka kutazama. Kulikuwa na mtu mmoja wa upande wa Awendo, mwenye trekta zake, akitafuta ardhi ya kupanda miwa. Na miwa ikishaingia shambani, mwanangu, haitoki mwaka huu wala ujao. Mzee akatuita mimi na mume wangu, akasema maneno machache kama kawaida yake.

"Nawapa mvua hii. Shamba lisipozaa, nampa mtu wa miwa."

Nilikuwa na mtoto mgongoni na mwingine tumboni. Lile ndilo lilikuwa shamba langu la pekee la chakula. Likienda, ningebaki kuwa mke wa kuzunguka na bakuli kwa majirani, nikiomba unga, na unga wa kuomba huliwa na masimango yake. Nikajiapiza kwamba haliendi. Hiyo nia sikuitoa kwa mtu, nilikuwa nayo mwenyewe, na mpaka leo sijuti kuwa nayo. Kosa langu lilikuwa kwingine.

Wakati huo kikundi chetu cha kina mama kilikuwa kikikutana Alhamisi kanisani. Siku moja akaja afisa wa kilimo, mama mmoja mcheshi aliyekuwa akiendesha pikipiki na sketi yake ameifunga kwa kamba. Alituletea mbegu za soya, kiasi cha bakuli kwa kila mtu, na pakiti ndogo ya ule unga mweusi. Akatwambia, ndani ya unga huu kuna viumbe hai, bakteria, wadogo kiasi kwamba jicho haliwaoni. Ukiwapaka kwenye mbegu, wataingia kwenye mizizi ya soya na kujenga vifundo, na humo ndimo watakamokaa. Mmea utawalisha sukari yake. Wao nao watachukua hewa hii tunayovuta na kuigeuza mbolea ya mmea. Hakuna mtumwa kati yao, alisema, kila mmoja anamlisha mwenzake.

Tulicheka mpaka benchi likapinduka. Mama mmoja akauliza, "Madam, kama hewa inakuwa mbolea, mimi kesho si nipike upepo watoto wale?" Afisa akacheka naye. Halafu akaacha kucheka, akanyanyua vidole vitatu. Changanya kivulini kwa maji ya sukari ili unga ushike. Panda siku hiyo hiyo. Ukishatia mbegu shimoni, fukia hapo hapo. Jua likiwapiga watakufa, na wewe utakuwa umepanda masizi.

Nililisikia kila neno. Ningekuwa sikusikia, hadithi hii isingeniuma.

Nilipomwonyesha mama mkwe ile pakiti, aliinusa, akapiga chafya. "Sasa mbegu inapakwa wanja kama bibi harusi?" akauliza.

"Mama, hii ni kilimo ya kisasa," nikamjibu, na nilijibu kwa shingo iliyoinuka, kwa kiburi. Sikutakiwa kujibu kwa shingo. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mama Otieno aliniangalia kidogo, akarudisha pakiti mkononi mwangu. Mimi nikahesabu kwamba tayari tuna vita.

Mvua ya kwanza ya maana ilinyesha jioni ya Jumatano. Mama mkwe akasema mbele ya watu wote, "Kesho napanda." Kwa hiyo alfajiri ya Alhamisi nikachanganya mbegu zangu kivulini, kama nilivyofundishwa, nikazifunika kwa jani la mgomba kwenye karai, nikashika mtungi nikaenda mtoni. Niliwaza kwamba nikirudi nitamkuta yuko shambani, amalize, nami nifuate mbegu zikiwa bado zina majimaji.

Nilirudi, nikatazama shambani. Hakuna mtu. Nikakaa na jembe langu. Jua likapanda. Nyumba yake na yangu zinatazamana, mlango wake ulikuwa umerudishwa, kimya. Basi nikasema moyoni, amekusudia huyu. Anajua mbegu zangu hazingoji, ndiyo maana hatoki. Anataka niaibike, shamba liende, niende.

Sasa sikiliza. Kila asubuhi, tangu niolewe, nilikuwa nampelekea yule mama uji na kumuuliza goti limeamkaje. Kila asubuhi. Siku ile sikwenda. Nilimnyima uji, mwanangu, nikakaa na kinyongo changu kama mtu anayelinda kuku. Ijumaa pia sikwenda. Na kwa kuwa zile mbegu zilikuwa zimeanza kuvimba na kushikana, nikaogopa zitachipua ndani ya karai. Nikafanya kile mama yangu alichonifundisha kufanya kwa kila mbegu yenye maji. Nilitandika mkeka uani nikazianika. Nikajiambia, ni jua la asubuhi tu, halina nguvu. Ukitaka kumjua mtu anayejidanganya, msikilize anavyotumia neno "tu".

Jumamosi mume wangu akaja kutoka Awendo, alikokuwa akifanya kazi ya kupakia miwa kwenye malori. Nikamwambia, nenda kwa mama yako, muulize tutapanda lini, mwaka kesho? Akaenda, akarudi.

"Mama anasema shamba liko wazi."

"Tangu lini?"

"Sikuuliza. Amelala, goti limefura."

Neno la goti nililisikia, nikaliruka. Nilichotaka nilikuwa nimekipata, ruhusa. Tukapanda siku ile ile, mimi na Otieno, shamba zima, mbegu kavu zikitoa vumbi jeusi vidoleni. Uji sikupeleka hata siku hiyo, alipeleka yeye.

Mvua haikutunyima. Soya ikaota vizuri, na kwa wiki tatu nilikuwa natembea nimeinua kidevu. Kisha majani yakaanza kupoteza rangi. Kwanza yakawa ya kijani cha maji, halafu manjano kabisa, shamba lote, na mimea ikadumaa pale pale. Wanawake waliokuwa wakipita kwenda sokoni wakawa wanasimama kwenye ua. "Nyar Uriri, hiyo ndiyo ya kisasa?" Mzee alipita mara moja, hakusimama, na kutosimama kwake kuliniumiza kuliko vicheko vya wote.

Jioni ile nikamwambia mume wangu, kwa sauti ambayo haikuhitaji kuwa kubwa vile, "Mama yako ameniua. Amenifungia shamba siku mbili mpaka dawa ikafa. Hizi mila zenu zitatuua wote." Otieno akaniambia nyamaza, watu wanasikia. Nikasema wasikie. Na kweli mama yake alisikia.

Siku ya pili asubuhi nikaona fimbo yake mlangoni kwangu kabla sijamwona mwenyewe.

"Nyar Uriri. Kuja na jembe."

Nikamfuata. Alitembea polepole, akisimama kila hatua kumi, na mimi nyuma nimenuna, mpaka tukafika juu kabisa ya shamba, karibu na ua wa minyaa, mahali ambapo mimi sikuwa nikifika sana kwa sababu ya utomvu wa ile minyaa. Pale kulikuwa na mashina ya soya, manane au tisa, yamejikusanya. Yawa! Yalikuwa yananifika mapajani. Kijani kizito, majani mapana, maua yameanza. Hatua mbili kutoka pale ilianza soya yangu, ya manjano, fupi, inasikitisha.

"Chimba hapa moja," akasema. "Na kule kwako moja. Usivute, utakata mizizi."

Nikachimba. Mzizi wa kwake ulitoka umejaa vifundo kama mtoto aliyevishwa shanga. Mzizi wangu ulitoka mtupu, msafi, hauna kitu. Akachukua kifundo kimoja, akakipasua kwa ukucha wa kidole gumba, akanionyesha. Ndani kilikuwa chekundu chekundu, rangi ya nyama. Ndivyo alivyotueleza afisa kanisani, kwamba kifundo kinachofanya kazi kina rangi hiyo. Sikuelewa. Nikauliza, nani alipanda hizi?

"Mimi. Ile Alhamisi, ulipoenda mtoni." Aliegemea fimbo yake. "Nilikuja na goti langu bovu, nikachukua kiganja kimoja cha mbegu kwenye karai yako, nikaja huku juu nikafungua shamba. Mikayi akiwa mgonjwa halimi shamba lote, mtoto. Anatia kiganja kimoja, inatosha, wengine wanaendelea. Hilo mama yako hakukufundisha? Kurudi goti likakataa. Nilijikokota hadi kitandani. Nikasema haidhuru, nyar Uriri atakuja na uji sasa hivi, nimwambie apande."

Ndege walikuwa wakipiga kelele kwenye minyaa, nami nikatamani wapige zaidi.

"Ulikuja?"

Nikaendelea kufuta udongo kwenye ule mzizi wangu mtupu.

"Hivi vitu vyako, uliniambia viko hai ama havina uhai?"

"Viko hai, mama."

"Na kilicho hai huanikwa juani?"

Mwanangu, nimechapwa na mwalimu, nimechapwa na baba yangu, sijawahi kuchapwa vile. Alikuwa ameniona ninavyoanika, kupitia ufa wa mlango wake, akiwa kitandani. Nikauliza kwa nini hakunipigia kelele. Hapo akanishangaza. Alijishusha chini taratibu, akakaa kwenye udongo kama msichana, akasema, "Kwa sababu na mimi nina kiburi. Nilisema, acha aje mwenyewe, mimi ndiye mkubwa. Wewe uliheshimu mila kwa hasira, mimi nikakaa nayo kwa hasira. Tumeua shamba sisi wawili."

Nililia. Nililia kwa aibu, na kwa zile siku ambazo mama mgonjwa aliningoja na njaa akisikia chungu changu kikichemka ng'ambo. Hasira hasara, tunasema kila siku, lakini hasara yenyewe hatuioni mpaka ichimbwe na jembe. Yeye hakunibembeleza. Alinigusa kwa ncha ya fimbo.

"Kulia utalia ukilala. Niambie, maziwa ya mgando unayaanzishaje?"

"Nabakiza kidogo kwenye kibuyu, mama, natia mabichi juu yake."

"Basi si hawa nao wako hai? Kidogo si kimebaki?" Akapigapiga ardhi pale kwenye mashina yake. "Mimi sijui kusoma, lakini nikibakiza, huwa kinaanza upya."

Kesho yake nilitembea hadi ofisi ya kilimo, mtoto mgongoni, kumuuliza afisa kama jambo hilo lawezekana. Pakiti nyingine hakuwa nayo, na hakujua ingefika lini. Lakini nilipomweleza habari ya kibuyu alishika kiuno akacheka. "Mama mkwe wako alisomea wapi?" akauliza. Akasema ndiyo, wakulima wa zamani katika nchi nyingi walifanya vivyo hivyo, walichukua udongo wa shamba lenye vifundo wakaupaka mbegu za shamba lisilo navyo. Ila uwe mbichi, usikauke, usione jua. Nilirudi nikikimbia.

Tangu siku ile tukawa tunalinda pale juu kama kitanda cha mtoto. Tuliacha yale mashina yakomae, tukakusanya mbegu zake moja moja. Udongo wake tukaufunika kwa majani ya mgomba na kuumwagilia maji jioni wakati wa kiangazi, mimi nikibeba mtungi na yeye akinielekeza nisimwage kwa fujo. Uji wake haukuchelewa tena. Kwenye shamba langu la manjano nilivuna mbegu kidogo, ndogo ndogo, lakini zingeota. Nililima shamba lote upya kwa jembe la mkono, tumbo likiwa mbele yangu. Watu walisema nimerukwa na akili. Labda. Lakini nilikuwa nimeamua.

Mzee naye alikuwa ameamua. Alisema alinipa mvua na mvua ilipita, na mwanamume hamezi neno lake. Mama Otieno alizungumza naye, mimi nikamwomba nimepiga magoti, Otieno pia. Akasema trekta itakuja mwisho wa mwezi wa nane. Ikifika, inalima.

Jioni moja mwishoni mwa mwezi huo, mvua fupi zikaja na radi. Tukasikia kwamba trekta italala kijiji cha pili. Sikulala vizuri. Kulipopambazuka nikasikia fimbo mlangoni.

"Amka. Changanya."

Nikachanganya, kivulini, ule udongo wetu mbichi na maji ya sukari na mbegu zote tulizokuwa nazo. Akachukua kiganja kimoja. Safari hii alinitazama machoni akikichukua, akasema, "Umeniona?" Nikasema, "Nimekuona, mama." Akaenda na kigoda chake mkono wa pili.

Trekta ilifika mapema, mzee akitembea mbele yake. Walimkuta mke wake wa kwanza ameketi kwenye kigoda kwenye kichwa cha shamba, goti limenyooshwa, mikono ina udongo mpaka kwenye pete. Mimi nilikuwa nyuma yake na karai lililofunikwa. Mzee akasimama.

"Mama Otieno, toka. Trekta inapita."

"Nimeshapanda," akasema.

Mwanangu, katika boma lile, mbegu ya mikayi ikishaingia ardhini, hakuna jembe linaloifukua, si la mwanawe, si la mumewe. Anayeifukua amejifukulia kaburi, ndivyo walivyoamini wote, na mzee aliamini kuliko wote. Ile mila niliyoitukana miezi michache nyuma, niliyoiita muuaji, ndiyo iliyokaa kwenye kigoda asubuhi ile kunitetea mimi na watoto wangu.

Dereva akazima injini. "Mzee, sasa nilime ama nirudi? Hii trekta inakula mafuta."

Mzee alimwangalia mkewe. Kisha nikaona kitu ambacho sikukiona tena mpaka anakufa, alicheka, kicheko kifupi cha puani. "Rudi," akamwambia dereva. "Huyu mama amenifunga kamba." Halafu akaniangalia mimi na karai langu. "Na hizo mbegu zinangoja nini?"

"Hazingoji, Baba," nikasema. "Zikingoja zinakufa."

Basi yule mzee akavua koti, akalining'iniza kwenye minyaa, akachukua jembe. Wengine wakamwona, nao wakaja. Jua halijawa kali tulikuwa tumefukia mbegu ya mwisho.

Soya ile ilitoka kijani na ikabaki kijani. Hakuna aliyesimama kwenye ua kunicheka, walisimama kuomba mbegu. Siku moja mzee akaja peke yake, akachimba shina moja taratibu, akapasua kifundo kwa ukucha kama alivyofundishwa na mkewe, akakitazama kile chekundu cha ndani, akarudisha mzizi ardhini na kuufukia. Habari ya miwa haikutajwa tena. Mwaka uliofuata nilitia mahindi pale pale, kayongo likapungua, na mahindi yakapita kichwa changu. Mtoto aliyekuwa tumboni nilimwachisha ziwa kwa uji wa shamba lile.

Mama Otieno alikaa nasi miaka mingi baadaye, akinigombeza. Siku zake za mwisho, maumivu ya goti yameshika miguu yote miwili, alinishika mkono akauliza, "Mbegu zisifanye nini?" Nikamjibu, "Zisingoje, mama." Akalala ameridhika.

Sasa mimi ndiye mikayi hapa, na goti langu nalo limeanza maneno yake. Kila mvua ikinyesha naamka mapema kuliko wote, natia kiganja changu kimoja ardhini, halafu napita mlango hadi mlango nikiwagongea wake za wanangu. Sisubiri waje. Wao nao hawanisubiri, wananiletea uji. Tunakutana katikati ya uwanja tukigombana nani amemwahi mwenzake.

Kwa hiyo shika haya, mwanangu, hata kama hutawahi kushika jembe. Ukishinda na kinyongo na mtu wa nyumbani mwako, nenda ukagonge mlango wake kabla jua halijawa kali. Kuuliza si ujinga, na swali la "tangu lini", ningelipeleka Alhamisi ile, lingeniokolea msimu mzima. Usitukane desturi ya wazee kabla hujauliza inapitikaje, maana mara nyingi wenyewe waliacha kimlango. Na usiitii kwa hasira pia, kwa sababu utiifu wa hasira unaua sawasawa na uasi. Soya haijitoshelezi. Yule mdogo asiyeonekana naye hajitoshelezi. Kilichowalisha wote wawili ni kukaa pamoja, wakiwa wabichi, bila kungojeana. Upendo uko hai, mwanangu, na heshima iko hai. Usivianike.

Nenda sasa, Mungu wa mama mkwe wangu akutangulie. Mkono wako usikose mbegu, na mbegu yako isikose udongo ulio na uhai. Ukiugua, apatikane wa kukuletea uji. Ukikosea, apatikane wa kukuita na jembe akuonyeshe mizizi, na uwe na masikio ya kumfuata. Na huyo uliyenuniana naye, ambaye umenitajia jina lake mara mbili tangu uketi hapa, asilale leo akikungoja.

Chai imeiva. Kunywa haraka uende.